Mwezi wa kwanza Ufaransa: namna ya kununua, kupika na kula

Kila Septemba, vyuo vikifunguliwa, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Unga wa ugali unapatikana wapi? Mbona mgahawa umeninyima chakula saa tisa mchana? Maziwa yapi ni ya kawaida kati ya haya ya vifuniko vitatu? Muuza mkate kanijibu kwa ukali, nimemkosea nini? Nimekaa Lyon miaka ya kutosha, na majibu haya nimeshayatoa kwa simu, kwa ujumbe na kwa kumsindikiza mtu sokoni. Nayaandika hapa mahali pamoja ili anayefika asome kabla njaa haijamkuta barabarani.

Nitazungumzia chakula na yanayokizunguka tu. Vibali, benki na bima vina safari yao nyingine.

Kuhusu saa: natumia saa zetu, na kwenye mabano naweka wanavyoandika wao. Saa sita mchana ni 12h, saa moja na nusu jioni ni 19h30. Mabango yote ya maduka yameandikwa hivyo, basi zoeza macho mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mfuko wa kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki ya bure kwenye kaunta ilipigwa marufuku mwaka 2016.
- Sarafu. Toroli nyingi za supamaketi hufunguka kwa sarafu ya euro 1 au senti 50, nayo unairudishiwa ukirejesha toroli. Sokoni nako baadhi ya wauzaji hawataki kadi kwa vitu vya bei ndogo.
- Viungo vikavu vya kwenu vilivyofungwa vizuri: iliki, karafuu, bizari ya pilau. Huku vipo, ila huuzwa kwenye vichupa vidogo kwa bei ya kuumiza. Usibebe nyama kavu, maziwa, jibini wala samli ya mama. Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingiza nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja, na vitachukuliwa uwanjani. Maembe pia huzuiwa kama hayana cheti cha afya ya mimea. Nanasi, ndizi, nazi na tende vinaruhusiwa.
- Sufuria nzito na mwiko. Mwiko wa kusongea ugali njoo nao. Vijiko vya mbao vya huku ni vyembamba, vinavunjika.
- Maneno sita: *bonjour* (bonzhuu) mchana, *bonsoir* (bonswaa) jioni, *s'il vous plaît* (silvuple) tafadhali, *je voudrais* (zhe vudre) ningependa, *merci* (mersi), *au revoir* (orvwaa) kwaheri. Na mwite kila usiyemjua *vous*. *Tu* ni ya marafiki, watoto, na wanafunzi wenzako.

1. Salimia kabla ya kutaja shida yako

Hatua hii naiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo inayofungua au kufunga zote zinazofuata. Sisi tumelelewa na salamu. Mtoto anayepita mbele ya wazee bila shikamoo anaitwa arudi. Ajabu ni kwamba tukifika huku, kwa kuona haya ya lugha, tunaingia dukani kimya na kunyoosha kidole. Kwa Mfaransa huo ni utovu wa adabu uleule ambao bibi yako angeukemea.

Tazama foleni ya asubuhi kwenye duka la mikate lililo chini ya nyumba ninayokaa. Watu sita, kila mmoja na haraka yake ya kazini. Anayefika mbele anasema, “Bonjour madame.” Anajibiwa, “Bonjour monsieur.” Ndipo anaagiza. Muuzaji anauliza, “Ce sera tout?” yaani ni hayo tu? “Oui, merci.” Sarafu zinawekwa kwenye kisahani cha kaunta, chenji inarudi hapohapo kwenye kisahani. “Bonne journée.” “À vous aussi.” Hazifiki sekunde thelathini, na hakuna aliyeruka hata neno moja.

Ukiruka salamu, utasikia “Bonjour!” iliyokazwa. Hajakutukana, anakungoja uanze upya. Msalimie, ataendelea vizuri. Fanya hivyohivyo kwa dereva wa basi, kwenye lifti, na unapoingia chumba cha kungojea daktari, ambako unawasalimia wote waliokaa.

2. Nunua mkate unaostahili

Jina *boulangerie* linalindwa na sheria ya mwaka 1998: anayelitumia lazima awe anakanda na kuoka mkate wake papo hapo. Ndani utakuta *baguette* ya kawaida, na pembeni yake *tradition*, ghali kidogo. Chukua *tradition*. Amri ya serikali ya mwaka 1993 inataka mkate huo uwe wa unga wa ngano, maji, chumvi na hamira au chachu, bila viongezeo vya kiwandani, na unga uliokandwa usigandishwe. Ukiuvunja unasikia ganda likilia, na ndani una matundu yasiyolingana na harufu kama ya togwa iliyoanza kuchachuka. Bei huzunguka euro 1 na kitu.

Agiza hivi: “Bonjour, je voudrais une tradition, s'il vous plaît.” Ukitaka uliokolea rangi ongeza *bien cuite*, ukitaka laini sema *pas trop cuite*. Unaishi peke yako? Omba *une demi-baguette*, nusu, maduka mengi hukata. Na kuuma ncha ya mkate ukiwa njiani kurudi nyumbani ni ruhusa kabisa, hata wazee hufanya.

Kosa la kawaida ni kununua mitatu ya wiki nzima. Kesho yake *tradition* ni ngumu kama ufito. Nunua wa siku, au ukate vipande na kuvigandisha siku hiyohiyo. Uliobaki na kukauka chovya kwenye maziwa na yai, kaanga kwa siagi, nyunyiza sukari. Wenyewe wanauita *pain perdu*, mkate uliopotea.

3. Fuata saa zao za kula

Hapa ndipo wageni wengi hulala njaa. Siku yangu ya tatu Lyon niliingia mgahawani saa tisa kasoro, nimetoka kwenye foleni za usajili, sijala tangu alfajiri. Viti vitupu vilikuwepo, mhudumu yupo, akaniambia jiko limefungwa. Nilitoka nikiamini nimefukuzwa kwa rangi yangu. Baadaye Mfaransa aliyeingia nyuma yangu akatoka na jibu lilelile.

Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane (12h–14h). Ufike kabla ya saa saba na nusu ili usikute mpishi anasafisha jiko. Cha usiku huanza saa moja au moja na nusu (19h–19h30). Katikati, jiko la mgahawa wa kawaida linalala. Watoto ndio hupewa kitu saa kumi (16h), kinaitwa *goûter*: mkate na chokoleti, au tunda.

Njaa ikikushika saa tisa, nenda duka la mikate ukachukue sandwichi, au tafuta mgahawa ulioandika *service continu*, maana yake jiko halifungwi. Maduka ya kebabu nayo huwa wazi.

Jumapili jitayarishe tangu Jumamosi. Maduka mengi hufungwa, na supamaketi nyingi hufungua asubuhi tu hadi saa saba mchana (13h). Jumatatu baadhi ya maduka madogo hupumzika. Agosti, hata muuza mkate wako huenda likizo na kubandika karatasi mlangoni.

4. Supamaketi: soma kabla ya kuchukua

Maziwa kwanza. Kifuniko chekundu ni *entier*, maziwa yenye mafuta yake yote. Cha buluu ni *demi-écrémé*, nusu yametolewa. Cha kijani ni *écrémé*, hayana mafuta. Kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki chukua nyekundu, la sivyo utachemsha mpaka uchoke na chai ibaki nyepesi. Mengi hukaa nje ya friji kwa sababu yamepikwa kwa joto kali sana, hayajaharibika. Anayetamani maziwa ya mgando atafute *lait ribot* au *lait fermenté* kwenye friji. Kwenye maduka ya watu wa Afrika Kaskazini huitwa *lben*.

Unga wa ngano una namba. T45 ni laini sana, wa keki. T55 ndio wa chapati na maandazi. T65 ni wa mkate, na T150 ni wa ngano nzima. Pakiti iliyoandikwa *avec levure* au *pour gâteaux* huwa na hamira ya unga ndani. Ukisukuma chapati kwayo zinavimba na kukatika.

Mchele: *basmati* au *thaï* kwa wali na pilau. *Riz rond* ni wa duara na unanata, wao huupikia maziwa na sukari. Maharage ni *haricots rouges*, kunde ni *cornilles* au *niébé*, njegere ni *petits pois*, dengu ni *pois chiches*. Tui la nazi, *lait de coco*, lipo la kopo kila mahali.

Kwenye tarehe, *à consommer jusqu'au* ni mwisho kweli, hasa kwa nyama na samaki, usivuke. *À consommer de préférence avant* inahusu ubora tu, na tambi au biskuti za juzi hazitakudhuru. Rafu zenye kibandiko cha *-30 %* au *anti-gaspi* ni vyakula vinavyokaribia tarehe. Mwanafunzi, zijue hizo rafu kama unavyojua namba yako ya simu.

Kwa asiyekula nguruwe, maneno ya kutafuta kwenye pakiti ni *porc*, *lard*, *lardons*, *jambon*, *saindoux* (mafuta yake) na *gélatine porcine*, ambayo hujificha kwenye peremende na baadhi ya vitamu vya maziwa. Bucha za halali zimeandikwa *boucherie halal*, na miji mikubwa inazo nyingi.

5. Nenda soko la wazi angalau mara moja kwa wiki

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda nchi hii. Masoko huwa asubuhi, na kufikia saa saba mchana wauzaji wanakunja meza. Mimi Jumamosi huenda Croix-Rousse, juu ya kilima, na hata nikiwa na euro 10 tu narudi na kikapu kizito.

Usichague matunda kwa mkono mpaka uone wengine wanajihudumia. Kwa kawaida unamwambia muuzaji unachotaka, naye anakuchagulia. Ataweza kukuuliza swali ambalo mara ya kwanza lilinishangaza: “C'est pour quand?” Unalila lini? Anataka akupe tikiti au parachichi litakaloiva siku hiyo. Kwa mama wa jibini niliomba *camembert*. Akafungua kifuniko cha mbao, akabonyeza katikati kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akachukua nyingine. Ya tatu ilibonyea kama ndizi mbivu. “Celui-là, pour ce soir.” Hii, kwa usiku wa leo. Na kweli, usiku ule ilikuwa imelainika mpaka kwenye ganda. Kesho yake ingekuwa imepita.

Vipimo: *une livre* ni nusu kilo, *une botte* ni fungu (la kotimiri, la figili), *une barquette* ni kile kikasha cha matunda madogo. Kupatana bei si desturi kama kwetu. Badala yake njoo saa sita na nusu; wanaotaka kurudi mikono mitupu hushusha bei wenyewe na kuongeza kitu mfukoni.

6. Tafuta chakula cha nyumbani panapouzwa

Paris, shuka kituo cha Château Rouge, metro namba 4. Ni mtaa wa Waafrika, na Wakongo ni wengi. Simama kidogo na utasikia Kilingala, na ukibahatika Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi. Kuna ndizi za kupika, mihogo, bamia (*gombo*), samaki wakavu, na kisamvu kilichotwangwa, ambacho huitwa *saka-saka* au *pondu*. Hata kama kimegandishwa, kichemshe muda mrefu kama ungekichemsha nyumbani, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu. Marseille nenda Noailles. Mji huo una Wangazija wengi, na lugha yao utaisikia kama ndugu wa Kiswahili. Lyon ni Guillotière, Lille ni soko la Wazemmes.

Ugali: tafuta *farine de maïs blanche* kwenye maduka haya. Ile poda nyeupe laini ya supamaketi iitwayo *fécule* au *amidon de maïs* ni wanga wa kuzidishia uzito mchuzi. Wengi wameinunua na kuishia na gundi. *Polenta* ni mahindi ya njano ya chengachenga. Inasongeka, ila chukua isiyoandikwa *précuite*, na uipe muda.

7. Mgahawani

*Carte* ndiyo orodha ya vyakula. *Menu* au *formule* ni mlo wa bei moja, mfano kianzio na chakula kikuu, au kikuu na kitamu. *Entrée* ni kianzio, usikiagize ukidhani ndicho cha kushiba. Mchana angalia ubao wa *plat du jour*, chakula cha siku: bei nafuu na kimepikwa asubuhi hiyo.

Omba *une carafe d'eau*, jagi la maji ya bomba. Ni bure pamoja na chakula, na mkate pia. Ukisema *de l'eau* tu, unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Huduma imo ndani ya bei. Kuacha sarafu ni hiari yako.

Nyama ya ng'ombe utaulizwa ipikwe vipi. *Bleu* ni karibu mbichi, *saignant* inatoa damu, *à point* katikati bado ni nyekundu. Aliyezoea nyama iliyoiva aseme *bien cuit*. *Tartare* ni nyama mbichi kabisa, iliyokatwakatwa. *Coq au vin* na *bœuf bourguignon* vimepikwa kwa mvinyo. Hapa Lyon, kwenye migahawa ya kienyeji iitwayo *bouchon*, *andouillette* mara nyingi ni utumbo wa nguruwe; anayekwepa nguruwe aulize *quenelle de brochet*, andazi laini la samaki kwenye mchuzi mzito. Ni chakula ninachompeleka kila mgeni wangu kukionja.

*Un café* ni kikombe kidogo cha kahawa nzito. Chai huja na maji ya moto na kifuko; maziwa uombe, nayo yatakuja baridi.

8. Ukialikwa nyumbani

Usiende kwa hodi ya ghafla, wala usiongeze mtu bila kuuliza. Ukiambiwa saa mbili (20h), fika na robo yake. Kuwahi kunamkuta mwenyeji jikoni. Beba chokoleti au maua, ila si *chrysanthème*, maua ya makaburini. Usichokula kitaje siku unapoalikwa: *je ne mange pas de porc*, *je ne bois pas d'alcool*. Ukikitaja mezani unamvunja moyo aliyepika tangu mchana.

Chakula huja kimoja kimoja. Kianzio, kikuu, jibini, kisha kitamu. Usishibe mwanzoni. Mikono iwe juu ya meza, si mapajani. Mkate unakaa mezani kando ya sahani. Jibini ya pembetatu kama *brie* usiikate ncha, kwa sababu ncha ndiyo tamu na ni ya wote. Kata kipande kirefu kutoka katikati hadi ganda. Sinia la jibini hupita mara moja.

Na hili limewalaza njaa ndugu zangu wengi: ukiongezwa chakula ukajibu *merci* peke yake, wanaelewa umekataa. Ukitaka, sema *oui, volontiers*.

Mambo yakikwama

*Mhudumu haji mezani.* Usipige kofi wala mluzi. Mtazame, inua mkono kidogo, sema “s'il vous plaît”. Bili haiji mpaka uiombe: “L'addition, s'il vous plaît.” Kukuachia ukae ni heshima.

*Chapati zinakuwa ngumu.* Hakikisha ni T55, kanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, ufunike nusu saa kabla ya kusukuma. Hewa ya majira ya baridi, nyumba ikiwa na joto la mitambo, hukausha donge upesi. Funika kwa kitambaa kibichi.

*Jibini inanisumbua tumbo.* Anza na ngumu zilizokaa muda mrefu, kama *comté*. Zina sukari kidogo sana ya maziwa. Zenye harufu kali zisubiri.

*Jirani amelalamika.* Kelele baada ya saa nne usiku (22h) ni kosa kisheria. Kinu na mchi tumia mchana, weka kitambaa kilichokunjwa chini yake.

*Pesa imekwisha na mwezi haujaisha.* Mwanafunzi, kula kwenye mikahawa ya CROUS, taasisi ya serikali ya huduma za wanafunzi. Mwenye msaada wa masomo wa serikali hulipa euro 1 kwa mlo kamili. Ulizia pia *épicerie solidaire* chuoni au mtaani, duka la vyakula kwa bei ya chini sana. Ofisi ya *assistante sociale* (afisa ustawi wa jamii) ya chuo ndiyo hukuandikia barua ya kuingia. Nenda tarehe 20, usingoje 28, na ukifika mlangoni anza na “Bonjour madame”.